Msamaha au Rufaa? Historia ya Mchakato wa Nidhamu kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Afrika Mashariki na Funzo Lake kwa Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi wanafunzi wa vyuo vikuu walivyoadhibiwa katika Afrika Mashariki na nchi jirani kuanzia mwaka 1952, na namna walivyorejeshwa masomoni baada ya adhabu. Mifano mikuu imetoka Makerere, Dar es Salaam, Lusaka, Lubumbashi na Nairobi. Hoja ya makala ni kwamba kwa muda mrefu mwanafunzi aliyefukuzwa alirudi chuoni kwa njia ya msamaha, si kwa njia ya rufaa, na kwamba tofauti hiyo imeacha alama katika taasisi na katika lugha. Makala inaonesha pia kuwa maneno yanayotumika kueleza adhabu, hasa “kusimamishwa” na “kufukuzwa”, yanabeba maana zaidi ya moja, na kwamba utata huo unamgharimu zaidi mwanafunzi anayetoka mbali na makao ya chuo. Mwambao wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, ikiwamo Kabuta katika wilaya ya Nchelenge, umechukuliwa kuwa mahali pa kupimia hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Kabuta ipo katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru. Upande wa pili wa maji ni Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya mjini. Kiswahili si kigeni katika eneo hili. David Livingstone alipofika Ziwa Mweru mwezi Novemba 1867 alikuta wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani wamekwishafika, na katika mji wa Mwata Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh, ambaye alikuwa ameishi huko kwa miaka mingi. Hata hivyo, Kibemba ndiyo lugha inayotawala mazungumzo upande wa Zambia, na Kiingereza ndiyo lugha ya barua za serikali na za vyuo.

Kijana wa Kabuta anayefaulu kuingia chuo kikuu huondoka nyumbani. Chuo Kikuu cha Zambia kipo Lusaka na Chuo Kikuu cha Copperbelt kipo Kitwe. Kwa miaka mingi njia fupi ya kutoka Luapula kwenda Copperbelt ilikatiza katika ardhi ya Kongo, kupitia Chembe, ambako Mto Luapula ulivukwa kwa pantoni hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2008. Umbali huo una uzito katika mjadala wa nidhamu. Mwanafunzi wa Lusaka akiamriwa kuondoka chuoni leo, kesho anaweza kurudi kuulizia hatima yake. Wa Nchelenge akishafika nyumbani, siku za kukata rufaa huenda zimekwisha kabla familia haijaelewa barua inasema nini.

Swali la makala hii ni la kihistoria: mchakato wa nidhamu katika vyuo vikuu vya ukanda huu ulijengwaje, na kwa nini mpaka leo unaeleweka kwa shida kwa wale unaowahusu? Ili kulijibu, makala inaanzia pale mchakato huo ulipokuwa haupo kabisa.

2.0 Chuo kama mlezi: Makerere, 1952

Makerere ilipopata hadhi ya chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ilirithi pia dhana ya Kiingereza kwamba chuo kinasimama mahali pa mzazi. Mzazi hamshtaki mwanawe kwa hati wala hamruhusu mwanawe kuleta shahidi. Humkanya, humwadhibu, kisha humsamehe.

Dhana hiyo ilijaribiwa mwezi Agosti 1952, wanafunzi walipogoma kwa sababu ya chakula. Nyuma ya malalamiko ya chakula kulikuwa na jambo zito zaidi: vijana waliokuwa karibu kuwa viongozi wa nchi zao walikuwa wakitendewa kama watoto wa bweni. Chuo kilifungwa na viongozi wa mgomo walifukuzwa. Miongoni mwao alikuwa Abu Mayanja, ambaye baadaye alikwenda kusoma Cambridge, akawa mwanasheria na waziri nchini Uganda.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, adhabu ilikuja upesi, na uongozi wa chuo uliokuwa ukilalamikiwa ndio huohuo ulioamua. Pili, kufunguliwa kwa mlango wa Cambridge hakukutokana na utaratibu wowote uliopatikana kwa kila mwanafunzi. Mwanafunzi asiyefahamika kwa wakubwa hangeupata. Tangu mwanzo, kwa hiyo, njia ya kurejea katika elimu ilikuwa fadhila na haikuwa haki.

3.0 Ikulu kama baraza la nidhamu: Dar es Salaam, 1966

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwa masomo ya sheria, katika jengo la TANU, kabla ya kuhamia Mlimani. Kuanzia mwaka 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Mkuu wa Chuo hicho alikuwa Julius Nyerere, aliyekuwa pia Rais. Mpangilio huo, ambao Zambia nayo iliufuata kwa kumfanya Kenneth Kaunda kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Zambia, ulionekana kuwa heshima kwa elimu. Athari yake katika nidhamu ilidhihirika tarehe 22 Oktoba 1966.

Siku hiyo wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu Kishiriki, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Walilalamikia zaidi kipindi ambacho wangefanya kazi kwa sehemu tu ya mshahara. Baadhi ya mabango yao yalidokeza kwamba wakati wa ukoloni ulikuwa bora. Nyerere aliwasikiliza, kisha akajibu kwa hasira na uchungu. Alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na akaamuru waandamanaji warudi makwao. Zaidi ya wanafunzi 300 wa Chuo Kikuu Kishiriki waliondolewa masomoni, pamoja na wengine wa taasisi jirani.

Tukio hilo limeelezwa mara nyingi kama hatua ya kuelekea Azimio la Arusha la Februari 1967 na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotolewa mwezi Machi mwaka huohuo. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaacha jambo moja. Likitazamwa kama shauri la nidhamu, tukio la Ikulu lina sura ya pekee. Aliyetukanwa, aliyeshtaki, aliyehukumu na ambaye angepokea rufaa alikuwa mtu mmoja. Hakuna aliyeulizwa kama alibeba bango la matusi, au alifuata wenzake tu, au hata kama alikubaliana na ujumbe uliosomwa. Kosa lilikuwa la kundi, na adhabu ikawa ya kundi.

Mwaka 1967 wengi wao waliruhusiwa kurudi. Walirudi kwa sababu Rais aliona inafaa warudi. Rufaa huuliza: je, mtu huyu alitenda kosa, na je, adhabu inalingana na kosa? Msamaha hauulizi hata moja kati ya hayo. Anayesamehewa hubaki mkosaji aliyehurumiwa, na anayesamehe hubaki bila kutakiwa kueleza uamuzi wake. Ndiyo maana tukio la 1966, pamoja na ukubwa wake wote, halikuacha kanuni yoyote ambayo mwanafunzi wa baadaye angeweza kuinukuu kujitetea.

4.0 Desturi inayojirudia, 1971 hadi 1990

Kilichofuata kinaonesha kwamba desturi iliyowekwa bila kanuni hujirudia. Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa chuo kamili, kwa sheria yake yenyewe na vyombo vyake vya uamuzi. Mwaka mmoja tu baadaye, Julai 1971, kiongozi wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga, raia wa Kenya, aliandika barua ya wazi kuukosoa uongozi wa chuo. Alichukuliwa chuoni na askari wenye silaha na kurudishwa kwao. Wanafunzi waligoma kuhudhuria masomo, na walimu wengi wakaunga mkono madai yao. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba chuo chenye vyombo vya nidhamu kimevikwepa vyombo vyake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Mlimani ambapo jinsi ya kuadhibu, zaidi ya adhabu yenyewe, ilikuwa kiini cha mgogoro.

Mwezi huohuo mambo yalichafuka Lusaka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Zambia, kilichofungua milango mwaka 1966, waliandamana kupinga mpango wa Ufaransa kuhusu ndege za kivita za Mirage kwa Afrika Kusini. Polisi waliwakabili. Chama cha wanafunzi kilipotoa barua ya wazi iliyomkosoa Rais Kaunda, vikosi viliingia chuoni, chuo kikafungwa na viongozi wa wanafunzi wakafukuzwa. Kilifungwa tena mwaka 1976, wakati wa mabishano juu ya msimamo wa serikali kuhusu Angola. Kila chuo kilipofungwa, vijana wa Luapula walisafiri kurudi kaskazini pamoja na wengine wote, waliokuwamo katika maandamano na wasiokuwamo.

Ng’ambo ya ziwa hali ilikuwa ya kutisha zaidi. Mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium, Kinshasa, waliingizwa jeshini kwa nguvu baada ya kuwakumbuka wenzao waliouawa na askari mwezi Juni 1969. Usiku wa Mei 11 kuamkia Mei 12, 1990, mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi yalivamiwa. Idadi ya waliouawa imebishaniwa tangu wakati huo. Hapo neno “nidhamu” halina tena pa kushika: kilichotokea ni uhalifu wa dola dhidi ya wanafunzi.

Dar es Salaam yenyewe ilirudia sura yake ya 1966 mwezi Machi 1978, wanafunzi walipoandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Takribani 350 walifukuzwa, chama chao kikavunjwa, na mahali pake pakaundwa chombo kilichofungamana na chama tawala. Baadaye wengi walisamehewa. Mwezi Mei 1990 chuo kilifungwa na wanafunzi wote wakarudishwa nyumbani hadi mwanzoni mwa 1991.

Nairobi iliongeza kipengele kingine. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na hakikufunguliwa hadi mwaka 1983. Katika kufungwa kwa vyuo kwa miaka hiyo, wanafunzi walitakiwa kuripoti kwa machifu wa maeneo yao. Ofisi ya chifu, mbali kabisa na chuo, ikawa sehemu ya adhabu. Familia na jirani waliona kijana akienda kusaini kama mtuhumiwa, ingawa hakuna aliyewahi kumsomea shtaka.

5.0 Sheria ilivyoingia chuoni

Mabadiliko hayakutoka vyuoni peke yake. Nchini Marekani, wanafunzi weusi tisa wa chuo cha serikali cha Alabama walifukuzwa mwaka 1960 kwa kushiriki harakati dhidi ya ubaguzi, bila kuelezwa kosa wala kusikilizwa. Mwaka 1961 mahakama ya rufaa, katika shauri la Dixon dhidi ya Alabama State Board of Education, iliamua kuwa chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumpa taarifa na nafasi ya kujitetea. Miaka mitano kabla ya waandamanaji wa Dar es Salaam kuamriwa kwenda makwao, swali lao lilikuwa limekwishajibiwa mahali pengine.

Uingereza ilitoa funzo la namna nyingine. Mwaka 1971, katika shauri la Glynn dhidi ya Chuo Kikuu cha Keele, mwanafunzi alikuwa amepigwa faini na kuondolewa bwenini kwa kukaa uchi hadharani chuoni. Mahakama ilikubali kuwa Makamu Mkuu wa Chuo alikosea kwa kutomsikiliza kabla ya kuamua, lakini ilikataa kutengua adhabu kwa kuwa mwanafunzi hakukanusha tendo. Ukweli wa kosa na haki ya kusikilizwa ni mambo mawili. Hata mwenye kosa bayana huwa na la kusema kuhusu kiasi cha adhabu.

Katika Afrika Mashariki nguvu ya hoja hizo ilitoka katika katiba. Tanzania iliingiza haki za binadamu katika Katiba kwa marekebisho ya mwaka 1984, na ibara ya 13(6) inatambua haki ya mtu kusikilizwa kikamilifu na kukata rufaa pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ibara ya 47, na sheria ya mwaka 2015 inayoitekeleza, inataka maamuzi ya kiutawala yawe ya haki na yaambatane na sababu za maandishi.

Kutokana na historia hii, mchakato unaostahili kuitwa wa nidhamu una hatua zinazotambulika. Tuhuma hutolewa kwa maandishi ikitaja kanuni iliyovunjwa, siku na mahali. Mtuhumiwa hupewa muda wa kujiandaa na kuuona ushahidi. Kikao huwa cha watu wasio na maslahi katika shauri, kwa kuwa kupeleka kesi ya ngedere kwa nyani hakuzai haki. Mtuhumiwa husikilizwa na huleta mashahidi wake. Uamuzi humhusu yeye binafsi, huandikwa pamoja na sababu, na adhabu hulingana na kosa. Mwisho huwapo rufaa, kwa chombo kingine na kwa muda unaojulikana. Kila hatua katika orodha hiyo ni jibu kwa jambo lililokosekana Ikulu mwaka 1966 au Mlimani mwaka 1971.

6.0 Upande wa aliyeumizwa

Ingekuwa kosa kusoma historia hii kana kwamba wanafunzi daima walikuwa wahanga na uongozi daima ulikuwa mkosaji. Mlimani kulikuwa na Mzee Punch, maandishi ya ukutani yasiyo na jina la mwandishi. Yalitumika kuwakejeli wakubwa, lakini yalitumika pia kuwadhalilisha wanafunzi wa kike. Mwezi Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa na kundi hilo.

Kifo hicho kinaonesha upungufu wa pili wa nidhamu ya hasira. Dola iliyoweza kuwaondoa mamia kwa siku moja kwa sababu ya bango iliacha unyanyasaji wa miaka mingi uendelee chini ya jina la utani. Adhabu ya kundi hutazama fujo inayoonekana barabarani. Haitazami mateso ya mtu mmoja chumbani mwake, kwa kuwa hayo yanahitaji kupokea lalamiko, kuchunguza, kulinda shahidi na kumtambua mhusika mmoja mmoja. Kwa maana hiyo utaratibu makini haumlindi mtuhumiwa peke yake. Aliyeumizwa anauhitaji zaidi, kwa sababu uamuzi uliofanywa kiholela ndio ambao mahakama huutengua kwa urahisi, na mkosaji wa kweli akarudi chuoni akiwa ameshinda.

7.0 Lugha ya adhabu

Mchakato ukishaandikwa, bado ni lazima ueleweke. Hapa Kiswahili kinadai kuangaliwa kwa makini.

Neno “nidhamu” lenyewe lina maana ya mpangilio, na kwa hiyo linawafunga wote wawili, anayeadhibu na anayeadhibiwa. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, hukaa jirani na “kutia adabu”, usemi unaochukulia kuwa kosa limekwishajulikana na kilichobaki ni adhabu. “Kusikiliza shauri” huacha swali la kosa likiwa wazi. Anayeitwa kwenye kikao ili “atiwe adabu” amekwishahukumiwa na kitenzi kabla ya kufika mbele ya wajumbe.

Utata mkubwa zaidi uko katika “kusimamishwa masomo”. Neno hilo moja hutumika kwa hatua ya muda ya kumweka mwanafunzi kando wakati uchunguzi unaendelea, na hutumika pia kwa adhabu kamili baada ya kupatikana na hatia. Ya kwanza si hukumu. Ya pili ni hukumu inayokatiwa rufaa. Familia inayoambiwa “mwanenu amesimamishwa” haina njia ya kujua ni ipi. Lugha ya utumishi wa umma Tanzania imekwishapata ufumbuzi katika usemi “kusimamishwa kupisha uchunguzi”, na hakuna sababu ya vyuo kutoutumia.

“Kufukuzwa” nako kuna utata. Katika mazungumzo ya wanafunzi wa Tanzania, anayeondolewa kwa kufeli mitihani “amedisko”. Nje ya chuo tofauti hiyo hupotea: aliyedisko na aliyefukuzwa kwa kosa la nidhamu wote huonekana wamefukuzwa, na aibu huwa moja. Mwisho ni mkanganyiko ulioanza mwaka 1966: wazazi wengi wakisikia habari za adhabu hufikiria kwanza kwenda kuomba radhi. Ni tabia njema katika ujirani. Lakini barua ya kuomba radhi, ikiandikwa mahali pa rufaa, huweza kusomwa kama kukiri kosa.

Kwa mwambao wa Mweru mzigo huu ni mara mbili. Kanuni zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, na familia inajadili kwa Kibemba, huku Kiswahili kikiwaunganisha na ndugu na wafanyabiashara wa upande wa Kongo. Mzee anayeitwa kutoa ushauri kuhusu barua ya chuo anashauri juu ya hati asiyoweza kuisoma.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa inaonesha safari kutoka Ikulu hadi kikao cha nidhamu. Safari hiyo haijakamilika mahali ambapo mwanafunzi na jamaa zake bado wanangoja msamaha kwa sababu hawaijui rufaa. Makala inapendekeza mambo manne.

Kwanza, vyuo viache adhabu ya jumla. Kufunga chuo kunaweza kuwa hatua ya usalama, lakini kusihesabiwe kuwa uamuzi wa nidhamu dhidi ya yeyote.

Pili, siku za rufaa zihesabiwe tangu mwanafunzi alipopokea uamuzi wenye sababu za maandishi, si tangu barua ilipotiwa saini, na umbali wa makazi uzingatiwe.

Tatu, kila barua ya nidhamu iambatane na ukurasa mmoja wa maelezo kwa lugha ambayo familia inaisoma. Tanzania, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, imefanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo Zambia ni mwanachama, ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Kwa Luapula ukurasa huo uwe wa Kibemba kwanza. Kiswahili kitawafaa wa Katanga na wanaovuka ziwa.

Nne, taasisi za Kiswahili ziandae orodha fupi ya istilahi za nidhamu ya vyuo, ikitenganisha kusimamishwa kupisha uchunguzi na kusimamishwa kwa adhabu, kufukuzwa na kuondolewa kwa kufeli, na zaidi ya yote, rufaa na ombi la msamaha.

Waandamanaji wa Oktoba 1966 walirudi Mlimani, na baadhi yao walishika madaraka makubwa nchini. Hakuna hata mmoja aliyeelezwa kwa maandishi ni nini hasa yeye, kwa jina lake, alichokosea. Mwanafunzi wa Kabuta atakayepokea barua kutoka Lusaka au Kitwe anastahili maelezo hayo, na anastahili kuyapata mapema kiasi cha kuweza kuyajibu.